Mbele ya kupaka nyumba nzima, fundi ajaribu rangi kwenye kila ukuta

NYANTENDE, Kivu ya Kusini. – Mvua inapokatika, kazi za rangi zinaanza. Kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa nane ndiyo nafasi ambayo ukuta unakauka vizuri katika milima hii ya karibu na Bukavu, na ndiyo nafasi ambayo madarasa yanabaki wazi kwa sababu ya likizo kubwa. Kamati za wazazi zinahesabu michango, vituo vya afya vinapanga kusafisha vyumba vya wagonjwa, familia zinataka nyumba ing'ae mbele ya harusi. Halafu mwezi wa kenda watoto wanarudi shuleni, na mabishano yanaanza.

Mabishano hayo yanajulikana. Ukuta uko na madoa: huku rangi ni nzito, kule udongo unaonekana chini yake, na pale ambapo saruji ilizibwa mwaka uliopita kunabaki kiraka cha rangi nyingine. Prezida wa kamati anasema: «Fundi, ulitia maji mengi, na ndoo moja haikufika ukutani.» Fundi anajibu: «Hapana papa, rangi mliyonunua ndiyo nyepesi.» Muuzaji naye, huko Kadutu, anaapa kwamba rangi yake haijamkosea mtu, ukuta ndio mbaya. Kila mmoja wao anaweza kuwa anasema kweli. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuonyesha ukweli wake, maana rangi imekwisha, ndoo zimeoshwa na zinatumiwa kuchotea maji, na feza ya wazazi haipo tena.

Kuna dawa ya ugonjwa huo, na haiombi mradi wala mfadhili. Mbele ya kununua rangi ya jengo zima, inunuliwe kopo moja dogo, na fundi apake kipande kimoja kwenye kila aina ya ukuta ulio katika jengo hilo, mbele ya macho ya wanaolipa. Kipande hicho kikauke, kiangaliwe, kiandikwe. Jaribio la namna hiyo linasaidia kuchagua rangi, lakini faida yake kubwa ni nyingine: linakuwa shahidi kati ya fundi, kamati na muuzaji.

Jengo moja, kuta nyingi

Anayepita kwenye barabara ya Nyantende anaona nyumba za miti na udongo, za matofali ya kuchoma, za mbao, na nyingine zilizopigwa saruji vizuri. Mara nyingi hizo zote ziko katika jengo moja. Shule ilianza na madarasa ya udongo, ikaongeza mawili ya matofali, kisha ofisi ya mkuu ikapigwa saruji, na milango ikatengenezwa kwa mabati ambayo watu wanaita manjanja. Halafu kamati inanunua rangi ya aina moja kwa vyote, na inashangaa kuona sura nne.

Hakuna uchawi hapo. Rangi ni unga unaotoa weupe au rangi yenyewe, gundi inayoshika unga huo, na maji au mafuta yanayofanya itandazike. Ukuta wa udongo unakunywa maji haraka sana. Gundi inavutwa ndani pamoja na maji, na unga unabaki juu bila kushikwa. Mtu akipitisha mkono, kiganja kinakuwa cheupe. Tofali la kuchoma nalo linakunywa, lakini si sawasawa: lililokaa karibu na moto katika tanuru ni gumu, lililokaa pembeni ni laini, na yote mawili yamejengwa katika ukuta mmoja.

Saruji mbichi iko na tabia yake. Ndani yake kuna chokaa kali inayochoma, ambayo inakula rangi ya mafuta na kuigeuza kama sabuni. Unyevu ukitoka unabeba chumvi hadi juu, na ukuta unaota ukungu mweupe chini ya rangi mpya. Ndiyo sababu mafundi wanaojua kazi wanangoja karibu wiki nne mbele ya kupaka ukuta uliopigwa saruji. Ubao wa mkaratusi unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na pale penye jicho la ubao utomvu unatoka na kutia doa la kahawia. Manjanja mapya yamefunikwa kwa zinki na mara nyingi yako na mafuta ya kiwandani. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu yake bila rangi ya kwanza ya zinki, inashika miezi michache, kisha inabambuka kama ngozi.

Hata chokaa ya kawaida, ambayo ni rangi ya wengi wasio na uwezo, inadanganya jicho. Ikiwa mbichi inaonekana kama maji ya mchele, na ukuta unaonekana wazi chini yake. Weupe wake unakuja polepole inapokauka na kushikana na hewa, kwa siku kadhaa. Fundi asiyejaribu mbele anaogopa, anaongeza mkono wa tatu na wa ine, na tabaka hilo nene linapasuka na kuanguka.

Kwa hiyo swali «rangi hii ni nzuri?» halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: rangi hii ni nzuri kwenye ukuta gani?

Tablo ndilo linaumiza zaidi

Watu wengine watasema kwamba madoa ya ukuta ni jambo la urembo, na kwamba inchi iko na matatizo makubwa kuliko hayo. Waingie darasani. Katika shule nyingi za mashamba tablo, ule ubao mweusi wa kuandikia, si ubao: ni sehemu ya ukuta iliyopigwa saruji na kupakwa nyeusi. Rangi ikiwa inang'aa, mwanga wa dirisha unagonga tablo na kurudi machoni, na mtoto aliyekaa upande wa pili haoni kitu. Rangi ikiwa haikukaa sawasawa, chaki inateleza hapa na kukwaruza pale, na herufi zinapotea katikati ya neno. Rangi ikiwa haikushika, kila mara mwalimu anapofuta, weusi unatoka pamoja na chaki, na mwezi wa kumi na mbili tablo limekuwa la kijivu.

Mtoto huyo hatasema kwamba rangi ni mbaya. Atasema hajui kusoma, na mwalimu ataamini. Tangu 2019, serkali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, madarasa ya shule za watu wote yalijaa kuliko zamani, na watoto wengi wanakaa pembeni kabisa au nyuma. Ndio wa kwanza kupoteza tablo linapong'aa. Kipande cha majaribio cha nusu meta, kilichokauka siku mbili, kikaandikwa kwa chaki, kikafutwa mara 20 na kuangaliwa kutoka kila benchi, kingetosha kujua mbele ya kuharibu mwaka mzima wa masomo.

Kituo cha afya nacho kiko na sababu yake. Ukuta wa chumba cha uzazi unaoshwa kwa maji ya klori. Rangi ambayo haivumilii kusuguliwa inaondoka, na ukuta ulio na matundu unashika uchafu ambao maji hayautoi. Hapo usawa wa rangi ni jambo la usafi, na usafi ni jambo la uhai.

Jaribio linafanywa namna gani

Viwandani wanapima nguvu ya rangi ya kufunika kwa karatasi yenye sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Wanapaka, wanangoja ikauke, kisha wanapima kwa mashine: mwanga unaorudi kutoka juu ya nyeusi unafikia kiasi gani cha ule unaorudi kutoka juu ya nyeupe? Kanuni ya Ulaya inayoitwa EN 13300 inapanga rangi za ndani katika madaraja 4. Daraja la kwanza ni asilimia 99.5 au zaidi, la pili linaanza kwenye 98, la tatu kwenye 95, na chini ya hapo ni la ine.

Nyantende hakuna mashine hiyo, lakini jicho lipo. Mistari minene ya makaa ichorwe kwenye karatasi ngumu nyeupe. Rangi ipakwe mara moja juu ya mistari na juu ya weupe, kisha iachwe ikauke, maana rangi mbichi haionyeshi ukweli. Rangi mbili au tatu zikiwekwa namna hiyo pembeni kwa pembeni, hata mtu asiyejua kazi ataona ni ipi inaficha mistari na ni ipi inaiacha ichungulie. Hilo ni jaribio la rangi yenyewe.

Baadaye linakuja jaribio la ukuta. Kwenye kila aina ya ukuta kipimwe kipande cha meta moja kwa meta moja, mahali pasipoonekana sana: nyuma ya mlango, upande wa nyuma wa jengo. Ukuta usafishwe kama vile utakavyosafishwa siku ya kazi, si zaidi wala si kidogo. Tone la maji liwekwe juu yake. Likimezwa mara moja, ukuta huo unaomba rangi ya kwanza ya kuuzibia matundu. Nusu ya kipande ipewe rangi hiyo ya kwanza, nusu nyingine isipewe, ili tofauti ionekane.

Kiasi nacho kipimwe. Sindano kubwa ya famasia isiyo na ncha, ya mililita 20, ikijazwa mara 5 inatoa mililita 100. Rangi inayoenea meta 10 za mraba kwa litre moja inapaswa kutosha kipande hicho kwa mkono mmoja. Isipotosha, kamati inajua kabisa kwamba hesabu ya ndoo iliyoandikwa kwenye proforma ni ndoto. Maji ya kuongeza yapimwe kwa sindano ile ile, kwa kufuata kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo, na kiasi hicho kiandikwe. Hapo ndipo neno «ulitia maji» linapata kipimo.

Kipande kiangaliwe mara tatu: asubuhi, saa kumi za jioni wakati jua linapiga ukuta kwa upande na kuonyesha kila mfereji wa broshi, na usiku kwa taa ya sola, ambayo inageuza rangi ya krimu ionekane kama kijivu. Baada ya siku chache, mkono kavu upitishwe. Kitambaa chenye maji kisugue. Kipande cha utepe wa kunata kibandikwe na kuvutwa kwa nguvu. Kikitoka na rangi, rangi hiyo haikushika. Haya yote yanaomba kopo la litre moja, saa chache za fundi, na wiki moja ya uvumilivu.

Proforma tatu hazitoshi

Leo kamati zinazofanya kazi kwa haki zinaomba proforma tatu na kuchagua bei ya chini. Ni desturi nzuri, lakini inalinganisha ndoo, na ukuta haupakwi kwa idadi ya ndoo. Mfano: kuna ukuta wa meta 200 za mraba. Rangi ya kwanza inauzwa dola 70 kwa ndoo ya litre 20, inaenea meta 10 kwa litre, na inafunika kwa mikono miwili. Zinahitajika litre 40, ndiyo ndoo 2, dola 140. Rangi ya pili inauzwa dola 35, nusu ya bei. Lakini inaenea meta 8 kwa litre na inaomba mikono mine. Zinahitajika litre 100, ndiyo ndoo 5, dola 175, na siku za fundi mara mbili. Kwenye proforma rangi ya pili ilishinda. Ukutani ilishindwa. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa hesabu inawapa haki.

Hesabu hiyo inauma zaidi siku hizi. Tangu benki za Bukavu zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, feza ya mkononi imekuwa ngumu kupatikana, na mchango wa mzazi mmoja ni siku kadhaa za kubeba mizigo au kuuza mihogo. Kupaka mara mbili ukuta ambao ungepakwa mara moja ni kula feza hiyo bila kushiba.

Mafundi wako na pingamizi zao, na si za bure. Wanasema jaribio linachelewesha kazi, na fundi anakula kwa siku anayofanya kazi. Ni kweli. Kwa hiyo siku ya jaribio ilipwe kama siku ya kazi; anayetaka ushahidi asiutake bure. Wauzaji wanasema ndoo ikifunguliwa hairudi. Ni kweli pia, na ndiyo sababu ya kuanza na kopo dogo. Lakini kopo na ndoo ziwe za alama moja na rangi moja, na ndoo zote zichanganywe pamoja kidogo kidogo mbele ya kupaka, maana ndoo mbili za siku tofauti kiwandani zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo inaonekana katikati ya ukuta.

Wengine watasema kazi ya kupima bidhaa ni ya serkali. Office Congolais de Contrôle, OCC, ipo tangu 1974, na kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa. Ifanye kazi hiyo, na wakaaji waidai. Lakini hata ikiifanya vizuri kabisa, cheti chake hakitasema rangi itakaa namna gani juu ya udongo wa ukuta huu, katika darasa hili. Hilo linajulikana hapa tu.

Jambo ambalo jicho halioni

Kuna kitu kimoja ambacho kipande cha majaribio hakitaonyesha. Rangi nyingine, hasa za mafuta zenye wekundu na manjano ya kung'aa, zinaweza kuwa na risasi, madini ya sumu yanayoharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na Umoja wa Mataifa unashauri sheria za inchi zisiruhusu zaidi ya sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Rangi yenye risasi inaweza kufunika vizuri sana na kupendeza macho. Kwa hiyo muuzaji aulizwe, ndoo isomwe, na rangi isiyo na jina la kiwanda wala maandishi yoyote isiingie darasani hata kama imeshinda majaribio yote. Na rangi ya zamani isikwanguliwe kwa msasa ikiwa kavu mahali watoto wanapocheza. Ukuta uloweshwe kwanza, na vumbi likusanywe.

Iandikwe, isainiwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano kati ya kamati na fundi yaweke mistari michache: jina la rangi, namba yake, kiasi cha maji kwa kila ndoo, idadi ya mikono kwenye kila aina ya ukuta, na tarehe ya jaribio. Pande zote mbili ziweke saini. Maneno hayo hayo yaandikwe kwa kalamu pembeni ya kipande cha majaribio, nyuma ya mlango, na kipande hicho kisifunikwe siku ya kazi. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe baada ya ukuta kulinganishwa na kipande.

Ukuta ukifanana na kipande, fundi alipwe yote, bila maneno na bila kuambiwa kwamba aliiba, hata kama prezida hapendi sura yake. Ukuta usipofanana, fundi aeleze au arudie. Na kama kipande chenyewe kilichopakwa kwa vipimo kimebambuka baada ya miezi miwili, basi fundi na kamati waende pamoja kwa muuzaji, wakiwa upande mmoja. Leo fundi mwaminifu na fundi mwizi wanasimama mbele ya kamati wakiwa na neno moja: «rangi ndiyo mbaya». Kipande cha meta moja nyuma ya mlango kinawatenganisha.

Kamati za Nyantende zilizo na mpango wa kupaka rangi kiangazi hiki hazihitaji kungoja amri kutoka Bukavu. Kopo moja dogo, sindano moja, karatasi moja yenye mistari ya makaa, na tablo lianze kujaribiwa mbele ya kuta zingine zote.